Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mapambano Inayotokea Svalbard, Hatua kwa Hatua

Riwaya nyingi za mapambano kwenye nchi za barafu huharibika mapema kwa sababu mwandishi amechukua mkimbizano wa Kariakoo akaumwagia theluji. Shujaa anakimbia kilomita nne, anaruka ukuta, anapigana ngumi, anapokea simu, anafyatua bastola bila glavu, na kila baada ya kurasa kumi tunakumbushwa kwamba kulikuwa na baridi kali. Baridi ya namna hiyo ni pambo. Ifute, hakuna kitakachobadilika.

Dai langu ni kwamba kwenye ncha za dunia baridi ndiyo inayopanga msuko. Inaamua mtu atafika wapi, kwa muda gani, ameshika nini, na akiwa amebakiwa na vidole vingapi vinavyofanya kazi. Mfano nitakaotumia ni Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo katikati ya Norwei bara na Ncha ya Kaskazini.

Hatua ya 1: Chagua ncha, kisha chagua mji

Dubu weupe wako kaskazini, pengwini wako kusini. Ukiwakutanisha, msomaji wa kwanza mwenye simu atakuumbua. Kaskazini ni bahari iliyoganda, imezungukwa na mabara. Kusini ni bara lililofunikwa na barafu, limezungukwa na bahari.

Antaktika ina ukatili zaidi. Kituo cha Warusi cha Vostok kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983, na hakuna kituo cha hali ya hewa kilichowahi kupima baridi kuliko hiyo. Lakini kule hakuna mji. Kuna vituo vya utafiti, na Mkataba wa Antaktika uliotiwa saini mwaka 1959 unakataza shughuli za kivita. Wahusika wako watakuwa wanasayansi, mafundi na wapishi waliofungiwa pamoja kwa miezi. Panafaa sana kwa riwaya ya watu kushukiana, na maisha halisi yameshatoa vielelezo: mwaka 1984 kituo cha Argentina cha Almirante Brown kiliteketea, na aliyekichoma ni daktari wake mwenyewe, baada ya kuambiwa abaki kwa majira mengine ya baridi.

Kwa mapambano yenye pande nyingi, mimi ningekwenda Svalbard. Mji wake mkuu, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini na una watu takriban 2,500. Una shule, benki, hospitali ndogo, duka kubwa, baa na uwanja wa ndege. Mkataba wa Svalbard wa mwaka 1920 uliipa Norwei mamlaka, lakini ukawapa raia wa nchi zilizosaini haki sawa ya kuchimba na kufanya biashara. Ndiyo maana Warusi wana mji wao wa makaa ya mawe, Barentsburg, wenye ubalozi wao mdogo. Kutoka Longyearbyen hadi huko hakuna barabara. Majira ya baridi watu huenda kwa pikipiki ya theluji, kiangazi kwa boti.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa Kiswahili asiliache lipite. Svalbard yenyewe haidai viza. Mtanzania au Mkongo anaweza kuishi huko kihalali mradi ajitegemee kwa kazi na makazi. Ila ndege zinapitia Norwei bara, na huko viza ya Schengen inadaiwa, kwenda na kurudi. Kwa hiyo unaweza kuwa na mhusika mwenye haki kamili ya kukaa Longyearbyen asiyeweza kuondoka, kwa sababu viza yake ya njiani imekwisha muda. Hilo halihitaji hata bastola.

Hatua ya 2: Tafuta kitu ambacho mtu angekubali kukifia

Wengi hukimbilia Hazina ya Mbegu ya Dunia, ile iliyochimbwa ndani ya mlima nje kidogo ya mji. Ilifunguliwa tarehe 26 Februari 2008, na sanduku la kwanza liliingizwa na Wangari Maathai akiwa na Jens Stoltenberg, waziri mkuu wa Norwei wa wakati huo. Mbegu hutunzwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Ni mandhari ya kuvutia, lakini kwa jambazi ni shabaha ya kipuuzi: zilizomo ni nakala za akiba, na mbegu zenyewe ziko kwenye benki za mbegu zilizozituma. Mwizi mwenye akili angeanzia huko. Labda kama benki hiyo imenaswa vitani, kama ilivyotokea kwa kituo cha utafiti kilichokuwa karibu na Aleppo, Syria, ambacho mwaka 2015 kilikuwa cha kwanza kuomba kurudishiwa mbegu zake. Ukitaka hazina iwe kiini cha riwaya, anzia kwenye upungufu wa namna hiyo.

Virusi vilivyofufuka kutoka kwenye barafu navyo vimechosha, hata kama ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti walifukua Longyearbyen makaburi ya wachimba makaa waliokufa kwa homa ya mafua ya 1918.

Mimi ningechagua kebo. Juu ya mlima Platåberget kuna kituo cha SvalSat kinachopokea data za setilaiti zinazopita juu ya ncha. Kwa kuwa kiko kaskazini sana, kinaiona setilaiti ya namna hiyo karibu kila inapoizunguka dunia, jambo ambalo kituo kilicho Ikweta hakiliwezi. Data hizo hushuka hadi Norwei bara kwa kebo mbili zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 7 Januari 2022 moja iliharibika, na mawasiliano yakabaki yanategemea ile ya pili. Sasa jiulize nani angefaidika kama hiyo ya pili nayo ingekatika, kwa saa ngapi, na kuna picha gani ya setilaiti ambayo hataki ifike duniani ndani ya saa hizo. Hapo una adui mwenye sababu na mwenye saa mkononi.

Hatua ya 3: Fungua kalenda kabla ya sura ya kwanza

Longyearbyen jua huzama mwishoni mwa Oktoba na halichomozi tena hadi katikati ya Februari. Hata likichomoza, milima inalizuia, mji hauguswi na mwanga wake hadi karibu tarehe 8 Machi. Kisha kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi karibu 23 Agosti halizami kabisa. Kwa hiyo maneno "usiku ule" na "kulipopambazuka" usiyaandike kwa mazoea. Mwezi Juni hakuna giza la kumficha mtu, na Desemba hakuna alfajiri ya kumwokoa.

Waandishi wachache hukumbuka mwezi. Katika kipindi cha giza, mwezi ukikaribia kuwa mpevu hauzami. Unauzunguka upeo mchana na usiku kwa siku kadhaa, na theluji inaakisi mwanga wake kiasi kwamba mtu anayetembea bondeni anaonekana kutoka mlimani. Siku za mwezi mwandamo unapotea kabisa, na giza linakuwa la kushika. Mpangie adui yako kazi katika siku zisizo na mwezi, kisha mcheleweshe hadi mwezi utoke.

Angalia pia vipimo. Svalbard inapashwa joto na mkondo wa bahari, na baridi kali kuliko zote iliyopimwa kwenye uwanja wa ndege wa Longyearbyen ni nyuzi 46.3 chini ya sifuri, Machi 1986. Usiandike hasi sitini ukidhani unamtisha msomaji. Hasi ishirini na upepo inatosha kabisa kuua, na Januari inaweza hata kunyesha mvua inayoganda ikifika chini, ardhi ikawa kioo. Mvua hiyo inafaa mkimbizano kuliko theluji yoyote.

Hatua ya 4: Jifunze baridi inavyofanya kazi

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Anza na jasho. Mtu anayekimbia akiwa amevaa makoti matatu analowa, na akisimama jasho lile linampoza hadi mifupani. Wazoefu hupunguza nguo kabla ya kazi nzito na huanza safari wakihisi baridi kidogo. Ndani huvaa sufu, kwa sababu pamba ikilowa haitunzi joto. Shujaa wako anayetimua mbio ameanza kujiua mwenyewe, na adui anayemfuata kwa mwendo wa kawaida, akifungua zipu ya shingo kila anapopanda mlima, atamkuta tu. Mfukuzano ambao mwenye haraka ndiye anayeshindwa, wasomaji wetu hawajauzoea. Waandikie huo.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hipothemia imeingia. Mtu hutetemeka, vidole vinakataa kufunga zipu, maneno yanaburuzika kama ya mlevi, na uamuzi wake unakuwa wa ajabu: anakaa chini kupumzika, anaacha begi lenye jiko. Kutetemeka kukikoma kabla hajapata joto, hali imekuwa mbaya. Wengine mwishoni huvua nguo kwa kuhisi wanaungua. Mtu wa hali hiyo hana uwezo wa kutoa hotuba ya kurasa mbili kuhusu mama yake. Mpe maneno matatu, na moja lisieleweke.

Akitumbukia majini, kuna kanuni inayofundishwa kwa mabaharia wa nchi baridi: dakika moja ya kuitawala pumzi, dakika kumi za mikono kufanya kazi ya maana, na takriban saa moja kabla ya kuzimia. Kwa maneno mengine, watu wengi hawafi kwa baridi yenyewe, wanakufa kwa kuvuta maji katika dakika ile ya kwanza au kwa vidole kushindwa kushika ukingo. Tukio lako ligawe hivyohivyo. Na usiwahi kutangaza kifo mapema: mwaka 1999 daktari wa Uswidi, Anna Bågenholm, alinaswa chini ya barafu ya kijito karibu na Narvik kwa dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7, akapelekwa hospitali ya Tromsø, na alipona. Adui uliyemwona anazama sura ya 12 ana haki ya kurudi sura ya 30, lakini arudi akiwa na mikono iliyoharibika.

Upepo nao haulazimu utoke mbinguni. Nyuzi 20 chini ya sifuri, hewa imetulia, mtu akiendesha pikipiki ya theluji kwa kilomita 50 kwa saa, uso wake unapigwa na baridi sawa na hasi 35. Mwendo wenyewe ndio upepo. Kila anapoongeza kasi kumkimbia adui, anaukaribisha ule weupe wa ngozi inayoganda, unaoanzia puani na mashavuni.

Mashine zina udhaifu wake. Dizeli ya kawaida hufanya kile ambacho mafuta ya nazi hufanya asubuhi za Julai Tanga: inakuwa na mawingu, inakuwa nzito, kisha inaziba chujio na injini inazimika. Kwa hiyo kule hutumika dizeli ya baridi, na mtu akibadilisha mapipa mawili usiku, amehujumu bila kugusa waya hata mmoja. Betri ya simu iliyokuwa na nusu ya chaji inaweza kuzima ghafla, kisha ikafufuka ikiwekwa kwapani. Petroli haigandi kwa baridi ya kule, hivyo ikimwagikia mkono mtupu kwa hasi thelathini inaunguza ngozi kwa baridi papo hapo. Chuma kikiguswa kwa kidole chenye unyevu kinashika.

Na bunduki. Kidole chenye glavu nene hakiingii kwenye kifyatulio, kwa hiyo kila anayetaka kupiga risasi lazima kwanza avue, na tangu anapovua anahesabiwa sekunde. Mafuta ya kulainishia yakiwa mengi yanaganda na kifyatulio kinagoma. Bunduki iliyolala nje ikiingizwa kwenye chumba chenye joto inatoka jasho, ikirudishwa nje jasho hilo linakuwa barafu ndani ya mitambo. Wenyeji huiacha barazani pasipo na joto. Mgeni huiingiza ndani alale nayo. Umeona jinsi ya kumtambulisha mgeni bila kusema ni mgeni?

Hatua ya 5: Funga njia za msaada moja baada ya nyingine

Msomaji wa leo atauliza: kwa nini hapigi simu? Mtandao wa simu hupatikana karibu na makazi tu, ukivuka milima unakatika. Hiyo ni sawa, lakini wasafiri hubeba simu ya setilaiti na kifaa cha kuita uokoaji. Usijifanye havipo. Kila kimoja kipe sababu ya kushindwa, na sababu hiyo iwe imepandwa kurasa hamsini kabla: chaji iliyoachwa kwenye mfuko wa nje wa begi, kifaa alichoazimwa mwenzake, antena iliyovunjika pikipiki ilipopinduka.

Gavana wa Svalbard, anayeitwa Sysselmester, ndiye mkuu wa polisi wa visiwa vyote, na ana helikopta mbili za uokoaji. Helikopta ni tatizo kubwa la mwandishi kwa sababu inafika upesi. Dhoruba ndiyo jibu, lakini itumie mara moja. Dhoruba ya pili inayotokea wakati muafaka, msomaji atajua umeishiwa.

Halafu mfikirie adui. Desemba 2018 mwanamume mmoja aliingia benki ya Longyearbyen na bunduki akaondoka na fedha. Alikamatwa siku hiyohiyo. Angekwenda wapi? Barabara zote za mji ukizijumlisha hazifiki hata kilomita mia, na zinaishia kwenye theluji. Kwa hiyo kabla hujaandika uhalifu wowote, andika adui atakavyotoka kisiwani: meli ya uvuvi inayomsubiri, ndege ya Tromsø akiwa na jina lake halisi na uso wa mtalii, au Barentsburg. Kama huna jibu, huna adui, una mtu anayesubiri pingu.

Silaha zenyewe si tatizo kuzipata. Nje ya makazi sheria inamtaka msafiri awe na njia ya kumfukuza dubu, na wengi hubeba bunduki pamoja na bastola ya fataki. Bunduki begani haimshtui mtu. Ndani ya mji lazima isiwe na risasi, na milango ya maduka ina alama za kukataza kuingia nayo. Katika majengo mengi, hoteli na makumbusho yakiwemo, watu huvua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za vumbi la makaa. Mpambano wa watu wawili wenye soksi kwenye sakafu ya mbao iliyong'arishwa unakungoja.

Hatua ya 6: Andika mkimbizano kwa mikono, si kwa miguu

Tazama kipande hiki, kisha utazame kinachofanya kazi ndani yake.

"Rehema alizima taa ya pikipiki. Bonde likapotea. Nyuma, taa moja ilikuwa bado mbali, ikipanda na kushuka kama inayotafuta namba ya nyumba. Alivua glavu ya kulia kwa meno, akaingiza mkono kwapani kuitoa simu. Moja, mbili, tatu. Skrini ikawaka asilimia nne. Aliandika jina la kibanda, akakosea, akafuta. Kumi na moja. Kidole gumba hakikusikika tena kama chake. Akabonyeza mara mbili pasipo kujua kama kilibonyeza. Ishirini. Alipojaribu kuirudisha glavu, vidole vilisimama wima kama vya mtu anayekataa kusalimiwa, akalazimika kuisukuma kwa goti. Taa ya nyuma ilikuwa imezimika. Akashusha skafu masikioni, akasikiliza. Theluji ililia: hatua, hatua, kimya."

Hakuna neno baridi humo. Kuna hesabu, glavu, na sauti. Theluji ya baridi kali hulia inapokanyagwa, na hewa iliyotulia husafirisha sauti mbali kuliko kawaida, kwa hiyo sikio linapata kazi ambayo kwenye mkimbizano wa mjini linanyimwa na honi. Taa inaonekana kilomita nyingi, hivyo kuizima ni uamuzi wenye gharama. Na theluji hutunza nyayo hadi upepo uzifute: anayekimbia hawezi kujificha mpaka hali ya hewa iharibike, na ikiharibika inamtafuta yeye pia.

Hatua ya 7: Wahusika

Hili ni fupi. Mhusika wa Afrika Mashariki apewe kazi inayomfikisha kule kweli: mtafiti aliyepeleka mbegu, mwanafunzi wa jiolojia kwenye chuo cha UNIS cha Longyearbyen, mpishi wa meli ya watalii. Kama wako wawili, waongee kama watu wao wanavyoongea. Mpishi wa Bukavu mwenye umri wa mama yake Rehema ataitwa mama, na ataitwa hivyo hata risasi zikiwa zinapita. Usimfanye mmoja wao ashangae theluji kurasa ishirini. Siku ya tatu mtu anashangaa bei ya nyanya.

Hatua ya 8: Jaribu nyumbani, kisha pitia rasimu

Friji ya kugandishia ya nyumbani hufika karibu hasi 18, sawa na ndani ya hazina ya mbegu. Weka humo usiku kucha funguo, kitambaa kilicholowa, na chupa ndogo za mafuta ya kupikia na ya cherehani. Asubuhi andika kila kimoja kinavyoonekana, kinavyosikika kikigongwa, na muda kinaochukua kutoa umande mezani. Funguo zishike kwa mkono mkavu, na kwa muda mfupi tu. Ukiwa Mwanza au Kisumu, mtafute anayefanya kazi kwenye vyumba baridi vya samaki umuulize mikono inaanza kumsumbua saa ngapi. Ukiwa Moshi, kaa na wagumu wanaopandisha mizigo Kilimanjaro. Waulize juu ya usiku wa kileleni: maji ya kunywa hugandia wapi kwanza, mgeni huanza vipi kuongea ovyo, nani hujisaidia vipi akiwa na suruali nne. Jibu la swali la mwisho litakupa sura nzima.

Kisha chapisha rasimu, na pembeni mwa kila tukio andika kwa kalamu mambo matano: nyuzi ngapi, upepo unatoka wapi, mwanga wa nini, mhusika amevaa nini mikononi, na chaji au mafuta kiasi gani yamebaki. Namba zishuke kutoka tukio hadi tukio. Zikipanda, awepo aliyewasha jiko. Tukio ambalo mambo hayo hayajabadilisha chochote ndani yake lingeweza kutokea Kariakoo. Lirudishe huko au liandike upya.